Ya Kutazama Mguu Ukiwa Juu ya Mto

Shinuna, shoga yangu, umeniuliza utazame nini
na mguu umo ndani ya plasta hadi gotini.
Umemuuliza asiyeshika majina.
Filamu hazinikai kwa majina yake;
ninachokumbuka ni mvua ilinyesha wapi, nani kavaa nini,
na mlango upi ulifungwa kabla mtu hajasema samahani.

Basi andika, kalamu unayo.

Kwanza za nyumbani, maana hutoki.
Kuna moja ya Kihindi, ya zamani, haina rangi:
karani wa posta anafungua barua za mtu
na kuzijibu yeye.
Itazame baada ya isha, kiyoyozi ukipunguze
kisije kikameza sauti ya karatasi.
Filamu nzima imo katika ile sauti ya karatasi.

Kuna ya Kimisri, ndefu, harusi inaahirishwa mara nne.
Mara ya tatu utataka kuizima. Usizime.
Bibi harusi anakaa jikoni peke yake, anakula keki
kwa upawa, na hapo ndipo utamjua.

Ile anayoisifu Jokha usiiguse.
Nililala, nikaamka, farasi bado anakimbia.

Sasa za ukumbini, uziweke hadi siku ya magongo.
Pale Ruwi wameleta mpya ya Kimalayalam,
mpishi wa meli anaamkia siku moja hana ladha ulimini.
Nilikwenda Jumanne. Nje joto nyuzi arubaini na sita,
ndani baridi ya kuvalia sweta.
Tarjuma ni ya Kiarabu, na Kiarabu changu wakijua:
nilifika Maskati na miaka ishirini na mbili,
herufi nazisoma kama mtu anayehesabu chenji.
Neno la kwanza sijalimaliza, la mwisho limeshaondoka.
Ukumbi ukicheka, mimi nacheka baadaye, peke yangu,
mpaka kijana wa mbele akageuka kunitazama.
Lakini mpishi alipoweka chumvi ulimini
na asijue kuwa ni chumvi,
hapakuwa na maandishi,
na sote tulinyamaza kwa wakati mmoja.
Nenda. Shika kiti cha pembeni, upate pa kunyooshea mguu.

Kuna na ile ya kelele, kwenye moli ya Sib,
magari yanaruka, majumba yanaporomoka.
Wameikata: nyuso zinakaribiana, mara
wako ndani ya teksi, shati limekosea vifungo.
Haitham wangu kaipenda mno.
Wewe na magari sasa hivi, hapana.

Ya mwisho siwezi kukuazima, ila naiweka juu ya zote.
Ni kaseti. Baba aliinunua Matrah mwaka tuliofika.
Mpelelezi anachechemea, kama utakavyochechemea wewe,
mtu kauawa, na kila aliye mezani ana sababu.
Mwishoni mpelelezi anasimama,
anavua kofia, anasema, "Muuaji ni..."
skrini inatetemeka, mistari miwili ya kijivu,
anatokea shangazi Ghaniya, Ibra, siku ya harusi yake,
hina hadi viwikoni, hataki kutazama kamera.
Kaka yangu Mundhir alikosa kaseti tupu.
Baba alimfokea siku tatu.

Kisha miaka ikapita, shangazi naye akapita,
na sisi tukawa tunamhimiza mpelelezi:
vua kofia, vua, bwana, tunachelewa.
Dakika ya nane anainua jicho, mara moja tu,
kama aliyeitwa kutoka kwenye hiki chumba chetu.

Muuaji simjui mpaka leo.
Ukiipata nzima popote, usinambie.

Alkhamisi nakuja na ile ya karani.
Mguu usiushushe, na rimoti itafutie betri.